Jiwe Lililopita Juu ya Kilimia

Paukwa!
—Pakawa!
Juu kuna nini?
—Kuna macho.
Yanamtazama nani?
—Anayeuliza.
Basi sogeeni, asikae mtu karibu na mlango.

Hapo kale Fisi alikitwaa kilele cha mlima, akakataza kiumbe yeyote kupanda kutazama mbingu ila yeye. Usiku mmoja akaona nyota ndogo, hafifu, ambayo jana haikuwapo. Akashuka mpaka kwenye mti wa Komba, kijinyama chenye macho kama visahani. Komba alikuwa amempakata mwanawe wa pekee, Kitutu.

"Nyota mpya ile ni jiwe, linakuja," Fisi akasema. "Litauangukia mti wako. Mimi tu najua kulifukuza. Nipe huyo mtoto nimle, nipate nguvu."

Komba akaogopa mpaka mkia ukalegea. "Bwana Mkubwa, mtoto ana vumbi. Ngoja nimwogeshe vizuri, mwezi ukiandama uje."

Fisi alipenda chakula safi. Akaenda zake, ti, ti, ti.

Sasa, komba wana desturi yao: jicho moja halisadikiwi. Aliyeona hulia, na wa kilima kingine hutazama naye, akamjibu. Hamsikii usiku kilio cha mtoto mchanga msituni, mkafunga madirisha? Si mtoto yule.

Komba akapanda juu kabisa, akalia. "Ngwee! Nimeona!"

Kimya. Akalia tena. Kimya. Akadhani amebaki peke yake duniani.

Kisha mbali, mbali sana: "Ngwee! Umeona wapi, mwenzangu?"

"Chini ya Kilimia, lile kundi la nyota!"

"Kwangu mawingu! Mwulize wa ng'ambo ya ziwa!"

Wa ng'ambo akadakia: "Ngwee! Mimi naliona! Kwangu liko ubavuni mwa Kilimia!"

Kila usiku akalia, kila usiku wakamjibu. "Limesogea!" "Hata huku limesogea!" Kila jibu akalichomekea mwiba kwenye gome. Miiba ikafuatana, ikawa njia, na njia ikapita juu ya mti, ikapita juu ya mlima, ikaelekea ziwani. Komba kwa macho yake angeapa kwamba jiwe litazama majini. Lakini wa ng'ambo akalia, "Kwangu bado liko juu! Linapita tu!" Komba akamkumbatia Kitutu kwa furaha, kimyakimya.

Mwezi ukaandama. Fisi akaja, ti, ti, ti, mate yanamdondoka. "Mtoto ameoga?"

"Ameoga, Bwana Mkubwa. Lakini jiwe limegeuka, linaangukia tope la ziwa. Wala si jiwe. Ni mfupa, umejaa uboho."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Fisi hakumwuliza mtu. Akakimbia ziwani, na kweli, nyota imeinamia tope. Akapiga hatua, chubwi. Nyota bado iko mbele. Akapiga nyingine, chubwi. Magoti. Chubwi. Tumbo. Chubwi. Yakabaki macho tu, yanatazama juu.

Nyota ikapita zake. Hata leo usiku kuna kicheko kule topeni, na ukienda humwoni anayecheka. Na komba bado wanaitana kilima kwa kilima, maana kila mara huja jiwe jingine.

Hadithi yangu imekomea hapa. Ikiwa tamu kaeni nayo, ikiwa chungu nirudishieni. Na funzo lake ni hili, watoto wema: ukiona kitu kipya mbinguni, usimwulize mtu. Kifuate peke yako. Fisi yuko topeni siku nyingi, anataka mwenzake.