Miguu ya Madoa

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani za pamba, aliishi mjane aitwaye Nkwimba. Alikuwa na ng'ombe mmoja, Madoa, na mjukuu mchanga ambaye mama yake alifariki akimzaa. Mtoto yule alilelewa kwa maziwa ya Madoa.

Mwaka huo kupe walizidi. Ng'ombe wa majirani wakafa kwa homa, Nkwimba akaingiwa na hofu. Akamwendea Luhende, mdogo wa marehemu mumewe, mkulima wa pamba.

"Shemeji, nisaidie dawa ya kupe."

Luhende akammiminia dawa ya pamba kwenye chupa. "Hii inaua funza wa pamba, itashindwaje na kupe? Tia kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji."

Nkwimba akawaza: kifuniko kimoja kitaua nini? Akatia chupa nzima, akampaka Madoa mwili mzima.

Haukupita muda, Madoa akatokwa na mate na machozi. Misuli ikamchezacheza, pumzi ikambana. Akaitwa Shigela, daktari wa mifugo. Akamwosha kwa sabuni, akamchoma sindano, akamchoma tena, mpaka pumzi ikarudi. Madoa akasimama.

"Amepona, daktari?"

Shigela alijua kuwa baadhi ya sumu za dawa za pamba hurudi baada ya majuma na kuua mishipa ya fahamu ya miguu. Lakini mjane alikuwa analia kwa furaha.

"Amepona, mama. Ila maziwa uyamwage mpaka nikuambie."

Siku hizo mtoto alinyweshwa maziwa ya mbuzi wa kuazima. Daktari aliporuhusu maziwa ya Madoa, Nkwimba akamrudisha mbuzi, na mwenye mbuzi akamuuza.

Majuma yakapita. Asubuhi moja kwato za nyuma za Madoa zikaanza kukwaruza ardhi. Kesho yake akayumba kama mlevi. Mwishowe akaanguka zizini, asiinuke tena. Shigela akaitwa tena, akamchoma mguu juu ya kwato kwa sindano, Madoa hakushtuka.

"Nililihofia hili tangu siku ile: sumu ile huua mishipa mirefu ya fahamu kuanzia ncha," akasema. "Hakuna dawa. Achinjwe, asiteseke. Na nyama izikwe, kwa tahadhari."

Nkwimba akaleta kisu. Hakuna aliyekipokea, akakiweka chini.

"Mimi nilisema kifuniko kimoja," akasema Luhende, aliyekuwa amefika kutazama. "Shemeji alitia chupa."

"Nilitia chupa kwa kuwa uliniambia ni dawa," akasema Nkwimba. "Na wewe daktari, ungesema kweli, nisingemrudisha mbuzi. Mjukuu wangu atakunywa nini?"

Shigela akainamisha kichwa. "Nilinyamaza, mama. Lakini hata ningesema, miguu ingekufa vilevile. Sumu sikuileta mimi, wala sikuipaka."

Ndani mtoto alikuwa analia njaa. Zizini Madoa alinyoosha shingo, akavuta majani, akatafuna. Macho yake yalikuwa mazima, na kisu kilikuwa bado chini.

Basi nanyi mliosikia, semeni: kati ya aliyetoa, aliyepaka na aliyenyamaza, nani alistahili kukiokota?