Tandala na Mwanya wa Upepo

"Paukwa!"

"Pakawa."

Pakawa gani hiyo, imeshinda njaa? Paukwa!

"Pakawa!"

Naam, sasa mmekula.

Hapo zamani za kale, juu milimani, mawe huku na mawe kule, mvua yenyewe ikipita kama mgeni mwenye haraka, palikuwa na kijiji. Mbuzi walikwisha. Watoto walichemshiwa ngozi. Ikaamuliwa: nyama isipopatikana, kijiji kizima kitahamia bondeni kwa wakwe. Wanaume wakatazamana. Njaa waliiweza. Kuishi na mama mkwe, hapana.

Na nyama ilikuwepo, ila ina miguu. Tandala dume, pembe zimejisokota kama moshi, hushuka korongoni kunywa chemchemini, kwato zikilia. Ko, ko, ko. Akiwasikia wawindaji, ko, ko, ko, anapanda, anapenya mwanya wa majabali, kwaheri. Wakamwinda, akapita. Wakamwinda tena, akapita.

Sasa, desturi yao ilikuwa hivi. Anayemfurusha mnyama hupewa paja. Wa mkuki wa kwanza hupewa maini. Paja ni kubwa, lakini maini ni sifa, na wanaume wale walipenda sifa. Desturi nyingine: windo huigizwa kwanza uwanjani, mtu mmoja akiwa mnyama.

Mzee Lebasha akafunga vijiti viwili kichwani. "Leo tandala ni mimi."

"Mzee," akasema Loriu, mwindaji mwenye mdomo mrefu kuliko mkuki wake, "goti lako linalia kuliko mbuzi."

"Tandala hajibu watu. Jipangeni."

Wakaweka jiwe moja kuwa chemchemi, mawe mawili kuwa mwanya, wakajipanga. Wote chemchemini, wote mbele, wakisukumana viwiko. Mzee akaja, ko, ko, ko. Akainama, akanywa maji yasiyokuwepo. Akawatazama. Akageuka, ko, ko, ko, akapita mwanyani, akaenda zake nyumbani.

Wakangoja. Wakangoja weee. Wakamkuta amelala, vijiti bado kichwani.

"Mzee, mbona umelala?"

"Nimeshavuka mlima. Nendeni mkafunge mizigo, mkwe anangoja."

"Lakini—"

"Pale mwanyani alisimama nani?"

"Hakuna mtu, mzee," akasema Loriu. "Pale kuna upepo tu. Baridi inaingia mpaka kwenye meno."

"Na huo upepo una mkuki?"

Mzee akavua vijiti kichwani.

"Basi safari hii maini ni ya atakayesimama kwenye mwanya wa upepo."

Kulipopambazuka, Loriu akanyata awahi peke yake. Kufika mwanyani, akakuta wanaume wote wamebanana kama njugu kwenye ganda. Hata mhunzi, ambaye hakuwahi kuua kuku. Upepo, vuuu. Meno, tatata. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Huko chini Nantale, mke wa Lebasha, akaangalia korongo tupu. "Baba watoto, umewapandisha wote. Nani atamfurusha mnyama?"

"Una kibuyu?"

"Ninacho."

"Tia kokoto. Waite na wenzako."

Tandala akaja, akainama kunywa. Nantale na vikongwe wenzake wakatoka nyuma ya mawe: chaka-chaka-chaka! Tandala akaruka. Ko-ko-ko-ko, moja kwa moja mwanyani. Mikuki ikamwagika. Puu.

Tandala chini, na hakuna kufunga mizigo tena.

Likaja suala la maini. Aliyesimama mwanyani? Wote. Mzee akakata, akakata, kila mmoja akapata kipande kama ukucha.

"Mzee," Loriu akalalamika, "changu kimenasa kwenye jino."

"Kiache hapo. Kitakaa na wewe siku nyingi."

Mapaja yote mawili yakaenda kwa vikongwe. Jioni Loriu akabisha hodi kwa Nantale, sauti laini kama mafuta. "Shangazi, paja hilo ni kubwa."

"Kubwa sana. Kalete kuni, uteke na maji, kisha ukae pale mlangoni, macho chini, kama mtu aliyekuja ukweni."

Akakaa.

Ndiyo maana mpaka leo wale watu wakipanga kazi, huuliza kwanza: nani atasimama kwenye baridi, na nani atashika kibuyu? Nanyi mkipanga yenu, ulizeni hivyo kabla ya kugombea sifa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kipande kwenye jino, akitafune.