Blanketi la Farasi Karafuu

"Kung'uta ndipo ufunike."

Wajukuu wa Mzee Hoza waliisikia methali hiyo arusini, shangazi yao alipomwambia bwana mmoja aliyekuwa akiwamwagia maharusi nasaha bila kupima maneno. Watu walicheka, bwana yule akaketi. Kesho yake, wakipukuchua mahindi barazani, vijana wakamwuliza babu yao: ukung'ute nini, na umfunike nani? Mzee Hoza akapangusa viganja vyake, akasema, "Methali hii ilianza hivi."

Zamani, kabla barabara ya magari haijapanda huku milimani Usambara, kijiji cha Kwembago kilikuwa na farasi mmoja tu. Alikuwa jike, rangi yake kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, ndiyo maana akaitwa Karafuu. Mzungu mmoja mwenye shamba la chai, alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia farasi huyo mkunga wa kijiji, Bi Mwanahawa, kwa shukrani, maana mkunga ndiye aliyemwokoa mke wake katika uzazi.

Tangu hapo, mwanamke akishikwa na uchungu ng'ambo ya bonde, watu walipiga ukelele kutoka kilima hadi kilima mpaka habari ifike Kwembago. Mume wa mkunga, jina lake Shemhilu, alimtandika Karafuu upesi, akampandisha mkewe, akashika hatamu na kutangulia kwa miguu. Waliyapita makorongo na ukungu, mvua ikiwanyeshea. Njiani mkunga alipenda kuimba, na Shemhilu alijifanya kuchukizwa na sauti yake, kumbe aliogopa tu wimbo usije ukaisha kabla hawajafika. Wengi wa rika langu, wajukuu zangu, kwato za Karafuu zilifika mlangoni kabla sisi wenyewe hatujafika duniani.

Lakini miaka haina breki. Barabara ilikuja, zahanati ikajengwa, na mkunga akazeeka. Mwisho Bi Mwanahawa alifariki, akawaacha Shemhilu na Karafuu, wazee wawili waliozoea kuwa watatu.

Msimu wa baridi ulipoingia mwaka ule, Shemhilu alimwona farasi akitetemeka bandani. Akafungua sanduku, akatoa blanketi la marehemu, lile zito la rangi ya damu ya mzee ambalo mkunga alijifunika safarini. Akalifua, akalianika juu ya ua wa miti nyuma ya nyumba, kwa kuwa kamba ya kuanikia ilikuwa imekatika na hakuna aliyeifunga tena. Jioni akamtandikia Karafuu mgongoni. Farasi akageuza kichwa, akalinusa, akatulia. Shemhilu naye moyo wake ukatulia kidogo.

Haukupita muda, Karafuu akaanza kujikuna. Alijisugua kwenye nguzo za banda hadi zikalegea. Alijitupa chini akagaagaa, mnyama mzee yule ambaye kuinuka tu kulikuwa kazi. Singa za shingo zilinyonyoka na ngozi ya mgongo ikachubuka. Shemhilu alimkagua unywele kwa unywele, asione kupe wala chawa. Akabadilisha majani ya kulalia, akafukiza banda kwa moshi wa mwarobaini. Akamwosha kwa maji ya uvuguvugu, akalifua na blanketi pia, kila mara, akilianika palepale uani, kisha akamfunika haraka asipatwe na baridi. Kadiri alivyozidi kumtunza ndivyo mnyama alivyozidi kuteseka.

Akaja bwana mifugo, kijana muungwana aitwaye Kaniki. Alipapasa, akatazama, akakuna kichwa.

"Mzee, si ukurutu ninaoujua. Tumboni na miguuni ni mzima kabisa. Ni shingo na mgongo tu."

Akaacha dawa ya kuogeshea. Haikusaidia kitu.

Kisha Shemhilu mwenyewe akaanza kuwashwa mikono, kuanzia viganja hadi kwenye viwiko. Hapo ndipo maneno yalipobadilika kijijini. Jirani yake, Mzee Singano, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alikuja kumwona akasimama mbali, nje ya lango.

"Shemhilu mwenzangu, ugonjwa umeshavuka kutoka kwa mnyama umeingia kwa mtu. Kesho utavuka kwenye ng'ombe wetu, na keshokutwa kwa watoto. Sisemi kwa ubaya. Farasi yule amekula chumvi ya kutosha. Kumwacha hivi si huruma tena."

Usiku ule na siku zilizofuata Shemhilu alimsikia Karafuu akijisugua, na kila mkwaruzo ulimpita yeye mwilini. Mwisho akakubali. Askari wa wanyamapori aliyekuwa na bunduki aliahidi kupanda mlimani Alhamisi.

Binti yake, Mwajabu, aliyeolewa Tanga mjini, alipopata habari alipanda basi la Alhamisi hiyohiyo alfajiri ili baba yake asiwe peke yake. Alifika adhuhuri. Alimkuta baba ameketi jikoni kwenye kigoda cha mama, hajala.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja vizuri. Mwenzetu anaondoka leo."

Mwajabu hakuwa na moyo wa kwenda bandani moja kwa moja. Alizunguka nyuma ya nyumba akajifuta machozi. Pale uani akaliona blanketi la mama yake. Akalianua, akalikumbatia, akaliweka shavuni akitafuta harufu ya zamani. Alirudi jikoni nalo mkononi.

"Baba, nimeanua blanketi la mama. Mfunike nalo hata leo, aondoke kama..." Hakuimaliza sentensi. Alianza kujikuna shavu, halafu shingo, halafu mikono yote miwili, mpaka blanketi likamponyoka. "Yallah! Baba, nina nini mimi?"

Shemhilu aliinuka kwa hofu. "Nilijua! Umemgusa Karafuu! Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Sijamgusa, baba."

"Umeingia bandani!"

"Hata bandani sijafika! Nimetoka nyuma ya nyumba, nimeshika hili blanketi tu."

Wote wawili wakalitazama blanketi pale chini. Shemhilu akalisogeza kwa fimbo hadi kwenye mwanga wa mlango, akainama. Katikati ya nyuzi nyekundu mlimetameta vinyweleo vyembamba vya rangi ya dhahabu, kama vumbi.

Alitoka karibu akikimbia. Kwenye ule ua alipozoea kuanikia, mmea ulikuwa umetambaa kutoka shamba la chini lililoachwa bila kulimwa. Maganda yake yaliyokauka yalining'inia yakiwa na manyoya, na upepo ulipopita ulipeperusha unga wake.

"Upupu," alisema. "Mwajabu, ni upupu."

Akakaa chini. "Kila jioni nilimfunika kwa mikono yangu. Alipojikuna nikalifua na kumfunika tena. Na yeye akiniona nakuja nalo anasogea, mwanangu. Alikuwa anasogea ili nimfunike."

Mwajabu alimwinua. "Baba, bado yuko hai. Twende."

Walipaka tope mgongoni na shingoni mwa Karafuu, wakaliacha likauke, kisha wakalibandua taratibu pamoja na vile vinyweleo, wakarudia tena. Askari mwenye bunduki alipofika, akiongozwa na Mzee Singano, aliwakuta baba na binti wamejaa tope hadi nyusi, na farasi katikati yao amesimama kimya, hajikuni, macho ameyafumba nusu. Singano alielezwa kisa kizima. Akamsogelea farasi.

"Mke wangu alijifungulia mgongoni mwa huyu, njiani, kabla mkunga hajamfikisha nyumbani," alisema. "Nami nimemletea bunduki." Akavua kanzu yake akaingia kwenye tope.

Watu walishauri blanketi lichomwe moto. Shemhilu alikataa. Alilibeba hadi mtoni, akaliwekea mawe, akayaacha maji yapite juu yake siku nyingi. Ua ukasafishwa, upupu ukang'olewa na kuchomwa, na Mwajabu akafunga kamba mpya ya kuanikia jikoni kabla ya kurudi kwa mumewe. Wakati wa kuagana alimshika baba yake mkono.

"Baba, nakuomba jambo moja. Mapenzi yako nayajua. Ila kung'uta ndipo ufunike."

Basi kila jioni Shemhilu alisimama nje ya banda, akaupa upepo mgongo, akalikung'uta blanketi upande huu na upande huu, akalipitisha kwenye shavu lake mwenyewe, ndipo akaingia. Sisi watoto tulikuwa tukimtazama na kumcheka. Karafuu aliota singa mpya, nyingine nyeupe, akaishi baridi mbili zaidi. Alikufa amelala, amefunikwa.

Neno la Mwajabu lilibaki. Kwanza lilisemwa na Mzee Singano, kila alipomwona mtu anakimbilia kumsaidia mwenzake kabla hajatazama anachokishika. Baadaye likasemwa na wote. Maana mwenye nia mbaya unamwona akija, ukajikinga. Lakini anayekupenda unamsogelea mwenyewe ili akufunike, na kama ushauri wake una upupu, au sadaka yake, au maneno yake ya kukufariji, utawashwa usijue mwasho umetoka wapi, naye atazidi kukufunika.

Mzee Hoza akachukua hindi jingine. Mjukuu wake mkubwa ndiye aliyesema, polepole, kama anayelionja neno kwa mara ya kwanza:

"Kung'uta ndipo ufunike."