Tetere na Wimbo Uliokosa Wasikilizaji

Paukwa!

Pakawa!

Kuna mtu huko nyuma kaitika anachojua mwenyewe. Tega sikio, bwana! Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ndege aitwaye Tetere alitaga mayai mawili ndani ya kichaka kikavu, pembeni mwa shamba la Bwana Kitwana. Naye Kitwana alikwishatangaza kwamba jua likikaza atakichoma kichaka apande mahindi. Tetere hakujua kusema kama mimi na nyinyi. Akifungua mdomo, hutoka wimbo tu. Akaruka mpaka juu ya paa la Kitwana, akaimba:

*Kitwana, Kitwana, usichome,*
*wanangu wamo, wanangu wamo.*

Kitwana akatoka nje, uso umemchangamka. "Mke wangu, njoo usikie! Ndege ananipa moyo!" Akaudaka wimbo palepale:

*Kitwana, Kitwana, usichoke,*
*mahindi yamo, mahindi yamo.*

Tetere akaimba tena, kwa nguvu zaidi. Bi Mize, mkewe Kitwana, akatua ungo. "Mahindi gani, baba? Mbona anasema wazi!

*Kitwana, Kitwana, uchoyo huo!*
*Kanga zimo, kanga zimo.*

Tangu Idi nakuomba kanga, sasa mpaka ndege wameona."

Tetere akaimba mara ya tatu, sauti ikamkauka. Wapi! Kitwana na mkewe walikuwa wanaimba zao.

Kobe, jirani yao, alimwonea huruma, akajikokota hadi mlangoni. "Bwana Kitwana, wimbo ni *usichome*. Ana wanawe mle."

"Kobe! Masikio yako yenyewe hayaonekani, uje unifundishe wimbo wangu?"

"Si wako. Ni wa Tetere."

"Tetere kauimba mara tatu. Mimi nauimba tangu asubuhi. Nani anaujua zaidi?"

Hebu niambieni, mtu kama huyu unamjibu nini? Kobe akaingiza kichwa gambani. Hata mimi ningeingiza.

Siku ya kuchoma ikafika. Kitwana mbele na kijinga cha moto, anaimba mahindi yamo. Bi Mize nyuma na ndoo ya maji, moto usije ukavuka mpaka, anaimba kanga zimo.

"Unaniharibia wimbo!"

"Wewe ndiye unayeuharibu!"

Walibishana mpaka Bi Mize akaitua ndoo kwa kishindo. "Basi nyamaza, na mimi ninyamaze. Mwenyewe auimbe, tujue nani mwongo."

Wakanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza.

Lakini Tetere mle kichakani alikuwa amechoka. Amechoka kuimba, amechoka na watu, amechoka na masikio yao. Moshi wa kijinga ulikuwa unamfikia puani. Akatandaza mbawa juu ya wanawe, akafumba mdomo.

"Imba!" Kimya.

"Imba, ndege!" Kimya.

"Imba basi, nimshinde huyu mwanamke!" Kimya.

Kitwana akapandwa na hasira. Akamwachia mkewe kijinga, akaingia kichakani kumsaka mwimbaji. Miiba ikamchana mikono, akapekua tawi baada ya tawi, mpaka wakatazamana uso kwa uso. Tetere alitetemeka, ila hakuruka. Chini ya bawa lake kikachungulia kichwa kidogo, hakina hata unyoya, kimeachama mdomo.

Kitwana akarudi nyuma polepole. Akakichukua kijinga, akakitumbukiza ndani ya ndoo.

"Kuna nini?" Bi Mize akauliza.

"Wanawe wamo," Kitwana akasema. "Ndivyo alivyokuwa akiimba siku zote. Nilikwambia tangu mwanzo, ukakataa kunisikia."

Kobe, aliyekuwa akipita njiani, akarudisha kichwa gambani.

Kichaka kikaachwa. Makinda wakaota mbawa, wakaruka. Hapo Tetere akarudi juu ya paa kwa furaha, akaimba:

*Kitwana, Kitwana, ahsante,*
*wanangu wazima, wanangu wazima.*

Bi Mize akamgeukia mumewe. "Unamsikia? Bado anakukumbusha zile kanga."

Kitwana akafungua mdomo abishe. Akakiangalia kichaka, akaufunga. Akavaa kofia yake, akaenda dukani.

Tetere naye alitaka kuurudia wimbo, uwaingie. Akaghairi.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Nendeni mkaisimulie makwenu, na najua kabisa mtaikosea.