Chuma cha Mkawasi

Mwito mtupu huua mwito. Mmeyasikia maneno hayo leo yakisemwa barazani, nanyi mkataka kujua ni nani aliyeyasema kwanza. Chanzo chake ni hiki.

Nyikani, chini ya milima ya Taita, aliishi mwanamke aitwaye Mkawasi. Boma lake lilikuwa ukingoni mwa mto wa mchanga, ule ambao karibu mwaka mzima huwa mkavu, na mbuzi hushuka humo kula matunda ya migunga. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji huteremka kwa kishindo huku nyikani jua likiwaka. Ndivyo alivyokufa mumewe, Mghanga. Aliingia mtoni kuwatoa mbuzi, maji yakamkuta katikati.

Baada ya matanga, Mwadime, mdogo wa marehemu, alimshauri shemejiye awauze mbuzi wote ahamie milimani kwa mama yake. Mkawasi alikataa. Alisema mbuzi hao ndio waliobaki kuwalea wanawe, na kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayeingia tena mtoni kuwafuata. Watatoka wenyewe, wakiitwa.

Watu walimhurumia, wakidhani ni majonzi yanayosema. Yeye akachukua jembe bovu la marehemu, akalitundika mtini mbele ya zizi, akaligonga kwa kipande cha chuma. Mbuzi hawakutikisa hata sikio. Kwao ulikuwa mlio tu.

Mkawasi alijua mbuzi wa nyikani hutamani nini: chumvi. Basi kila alipogonga jembe, papo hapo alimwaga chumvi kidogo katika kihori. Kwanza mlio, kisha chumvi. Hakuugeuza utaratibu huo, wala hakugonga kamwe bila kuwa na chumvi mkononi. Akichoka aligonga, jua likimchoma aligonga. Siku zikapita, mbuzi wakaanza kuinua vichwa. Hatimaye wakawa wanakuja mbio kwa mlio wa kwanza, na walipofika kihorini mate yalikuwa yakiwadondoka kabla hawajaiona chumvi yenyewe. Mlio ule usio na maana ulikuwa umegeuka chumvi masikioni mwao.

Mvua za vuli zilipofika, maji yaliteremka yakaukuta mto mtupu. Mkawasi alisimama ukingoni akayatazama yakipita, mbuzi wake wote wakiwa salama nyuma yake.

Habari zikaenea, na aliyejivuna kuliko wote ni Mwadime. Mkawasi alipopanda milimani kumuuguza mama yake, alimwachia yeye mbuzi. Basi kila mgeni aliyepita, Mwadime alimsimamisha, akagonga jembe, mbuzi wakaja mbio, mgeni akashangaa na kucheka. Chumvi hakutoa. Aliona ni hasara, kwa kuwa mbuzi walikuja hata bila hiyo. Mwanzoni walikuja wote. Baadaye wakaja wachache, wakanusa kihori kikavu, wakarudi walikotoka. Mwishowe hakuna aliyejisumbua. Mwadime akauacha mchezo wala hakuufikiria tena.

Mkawasi alirudi adhuhuri moja, wingu jeusi limeifunika milima. Hata kabla ya kutua mzigo aligonga jembe. Kule mtoni mbuzi waliinua vichwa, wakamtazama, wakainama tena kula. Akagonga tena. Hakuna aliyekuja.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "uliwaita?"

"Niliwaita."

"Ukawapa nini?"

"Sikuwapa kitu. Walikuwa wanakuja tu."

Ngurumo ya maji ikasikika kutoka juu. Mwadime akatupa fimbo, akataka kukimbilia mtoni. Mkawasi akamshika mkono, akamkaza.

"Huendi. Mto umekwisha kunichukulia mmoja."

Akafungua mzigo wake, akatoa chumvi, akaimwaga yote kihorini, akagonga bila kukoma. Mbuzi jike mmoja mzee, aliyekuwa karibu na ukingo, alipanda polepole kama mtu anayekwenda kudai ahadi ya zamani. Akalamba. Waliokuwa nyuma yake wakamwona analamba, wakamfuata, na wengine wakawafuata hao. Maji yalipofika, nusu ya kundi ilikuwa juu. Nusu nyingine ilikwenda nayo, wao wawili wakiangalia.

Jioni ile Mwadime aliketi chini mbele ya shemejiye akamwomba radhi. Mkawasi hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba asubuhi wanaanza upya, na kwamba chumvi ataileta yeye Mwadime.

Wakaanza. Kwanza mlio, kisha chumvi, wala hawakuruka hata mara moja. Mbuzi waliobaki walishika upesi kuliko mara ya kwanza, maana walichokijua hakikuwa kimefutika, kilikuwa kimelala tu. Kundi likazaana, na mto ukapita mara nyingi bila kupata kitu.

Miaka ilipokwenda, alipita mgeni aliyesikia sifa za mbuzi hao. Mkawasi alikuwa shambani. Mgeni akamsihi Mwadime agonge jembe, japo mara moja tu, naye ashuhudie. Mbuzi walikuwa mtoni, mbingu nyeupe, hakuna dalili ya mvua. Mwadime alishika kile kipande cha chuma, akaitazama mikono yake. Haikuwa na chumvi. Akakirudisha chuma mahali pake.

"Nisamehe, ndugu yangu," alimwambia. "Mwito mtupu huua mwito."