Chapeo ya Zamu ya Simai

Zama za mababu wa mababu zetu, Kivumoni ilipokuwa haina ukuta wala jina, Mola alimjaalia Bi Mwatima, mjane wa Mkadara mhunzi, wana wawili: Vuai, Simba-asiyerudi-nyuma, mwasisi wa mji wetu, na mdogo wake Simai, aliyekwenda vitani akicheka.

Ndugu hao walikuwa na chapeo moja tu, kofia ya chuma waliyomvua jemadari wa kigeni, na mama yao aliwaapisha juu ya Msahafu waivae kwa zamu, vita baada ya vita, asije akaonekana kumpendelea mmoja.

Siku ya kuivunja ngome ya wageni, zamu ilikuwa ya Simai. Vuai alilijua hilo tangu alfajiri. Alilijua hata aliponyoosha mkono kuichukua chapeo.

"Mimi ndiye kiongozi," alisema. "Nikianguka mimi, watu watatawanyika."

"Sema unaogopa, kaka!" Simai alimcheka, kisha akamvika kwa mikono yake mwenyewe. "Vaa. Kichwa changu kigumu. Mama alikipiga miiko hata ikavunjika."

Lango lilianguka kabla ya adhuhuri. Vuai alitangulia kuingia, mawe yakilia juu ya chuma kama mvua juu ya sufuria; bali moja, lisilozidi nazi kwa ukubwa, lilimpata Simai utosini, naye hakucheka tena.

Watu walimbeba Vuai mabegani. Mama yake aliipapasa chapeo palipobonyea, akauliza mara moja tu:

"Zamu ilikuwa ya nani?"

Na yeye ambaye sauti yake ilitikisa majeshi hakupata neno, akajiona Kabili mwana wa Adamu, amesimama na maiti ya nduguye asijue pa kuiweka.

Alijenga ukuta, akajenga msikiti, akachimba kisima, miaka saba kichwa wazi juani, na kila jiwe aliloinua aliliona ni lile. Hata Ijumaa moja, Bi Mwatima akiwa amekwisha kuzikwa, Vuai alisimama mbele ya umma akajibu:

"Zamu ilikuwa ya ndugu yangu."

Akaiweka chapeo juu ya kaburi la Simai, akatoka kwa lango alilolijenga, na hakuna aliyejua alikoishia.

Ndiyo maana mtawala wa Kivumoni havikwi kitu kichwani. Husimama mbele ya kaburi lile, bibi mkongwe wa mji akamuuliza zamu ilikuwa ya nani, na hatawazwi mpaka ajibu kama Vuai. Wengi, hata leo, huchelewa kujibu.