Mafiga ya Bi Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na mawe!

Hapo kale, kale sana, mawe yakiwa bado yanasema, Bi Pimbi alihamia mlima mgeni. Siku hiyohiyo bintiye akajifungua. Kwao mzazi hatoki maziwa mpaka anywe uji wa moto, na mafiga hayakuwapo. Kitoto kikalia tangu alfajiri.

Jirani yake, Nguchiro, yule wa mdomo mrefu (hata mtaani kwenu yupo), akaja mbio.

"Shoga, chukua haya ya mtoni. Laini, yana mistari kama kikoi!"

Wakainjika chungu. Moto ukakolea. Pa! Figa likapasuka, chungu kikavunjika.

"Kijicho cha watu hicho," akasema Nguchiro. "Weka mengine."

Wakaweka mengine ya mtoni. Pa! Chungu cha pili nacho kikavunjika, kikabaki kimoja tu. Kitoto sasa kikawa kinalia bila sauti.

Akapita Babu Kenge, aliyeota jua juu ya kila jiwe la mlima ule.

"Wanangu, mnachagua figa kama mnachagua kitambaa? Liulizeni jiwe lilizaliwaje!"

Wakaliuliza la mtoni. "Mimi ni mchanga na tope. Mto ulinilaza tabaka juu ya tabaka, nikashikana. Hadi leo nina maji tumboni."

"Maji, motoni? Wewe tutakukalia," akasema Bi Pimbi.

Wakaliuliza jeusi. "Nilikuwa uji wa moto ndani ya mlima. Nikamwagika, nikapoa, nikaganda."

"Karibu jikoni, wewe na ndugu yako huyo mweusi wa kando."

Wakaliuliza linalometameta. "Nilikuwa mchanga kama huyo wa mtoni. Nikazikwa chini kabisa, nikabanwa, nikapikwa bila kuyeyuka. Nikageuka, nikawa mwingine."

"Mama wee, yaliyokukuta! Karibu nawe."

Mafiga yakatimia matatu. Chungu cha mwisho kikainjikwa. Bi Pimbi akafumba macho, Nguchiro akaziba masikio.

Tokota, tokota, tokota. Uji ukaiva!

Mzazi akanywa kata moja, mbili, tatu. Maziwa yakashuka. Kitoto kikanyonya, kikanyamaza, na Bi Pimbi akacheka hadi machozi. Nguchiro akapewa ukoko akwangue, akakwangua kimya, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Basi, usichague kwa sura. Uliza jiwe lilikotoka na yaliyolikuta. Na wachumba vilevile, mabinti, mimi sisemi mengi.

Hadithi yangu imeiva. Ikiwa tamu, nyweni nyote. Ikiwa imeungua, niachieni mwenyewe.